Mbwa Uliyeniachia na Rungu la Kambare

Nyumba ya mlango wa buluu,
Nyuma ya kiwanda cha barafu,
Soko la Samaki.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa nane

Mpendwa mjukuu wangu, mchumba wangu uliyenikimbia,

Mimi babu yako nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, boti tatu, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na tumbaku sitafika sitini. Mazishini kwake nilikwenda na kiko changu mfukoni. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema babu amekwisha, waambie wamekuja mapema, warudi baadaye.

Wewe hujambo lakini? Kikohozi kile kimeisha? Huko kiwandani mnakoshona bado wanawafungia madirisha kama kuku? Kula ushibe. Picha uliyomtumia shangazi yako niliiona, shingo imekuwa nyembamba kama ya taa ya chemli.

Mimi ni mzima kabisa, ukiacha mbavu za upande wa kushoto, mkono wa kushoto ulio kwenye plasta, na meno ya mbele ambayo hayako nami tena. Yaliyobaki yananitosha kwa ugomvi wowote.

Barua hii naiandika mwenyewe. Shangazi yako alitaka anishikie kalamu nikamkatalia, maana anapenda kunilainishia maneno. Darasani nilikaa kidogo tu, lakini herufi karibu zote nazijua, na zile nisizozijua sijawahi kuzihitaji.

Sasa nakuja kwenye jambo. Najua shangazi yako alikupigia simu akalia. Najua pia kwamba daktari wa mifugo alikupigia, kwa kuwa cheti cha chanjo kina jina lako, akakuuliza kama unakubali mbwa wako achomwe sindano ya kufa kwa sababu ameua mtu. Nawe ukasema sawa, kama ni lazima. Sikulaumu. Simu inabeba kilio vizuri, maneno inayaacha njiani. Lakini aliyekuwa ndani ya boti ni mimi, si shangazi yako wala si daktari. Basi soma yote kwa mpangilio, usirukie mwisho kutazama kama mbwa yuko hai. Nakujua tabia yako.

Ulipoondoka uliniachia mbwa anayeitwa Radi, na jina lilimfaa. Sikuwa na mtu wa kumlisha mchana, nikaona bora twende naye kazini. Babu Grisi alinionya. Unajua shemeji yangu huyu, tangu dada yake afariki ameendelea kuwa fundi wa injini yangu na mlinzi wa makosa yangu. Alisema mbwa na boti havikai pamoja. Nikamwambia hata yeye na sabuni havikai pamoja lakini tunaishi.

Kambare wetu wakubwa hawafi kistaarabu. Akiingia botini anapiga mkia, na mkia ule unavunja kifundo cha mguu. Kwa hiyo tunampiga rungu la kichwa, mara moja ukiwa ni mimi, mara nyingi ukiwa ni shemeji. Siku ya kwanza nilipoinua rungu, mbwa wako alipata wazimu. Alimrukia kambare, kambare akamzaba kibao cha mkia kwenye taya, naye badala ya kujifunza akauma mkia, kisha akauma kiatu changu, kisha akauma makalio ya Babu Grisi aliyekuwa ameinamia injini. Ndoano ikamwingia sikioni. Nilipoitoa kwa plaisi akaning'ata paja mpaka damu ikajaa kiatuni. Nikampiga kasia, akaenda majini, akarudi kwa kuparamia ukingo, na boti ikainama tukakaribia kumfuata.

"Shemeji," Babu Grisi aliniambia huku ameshika suruali yake, "chagua leo. Mimi au huyu."

"Nipe muda nifikirie."

Wenzangu wote walimjaribu mbwa botini na wote walishindwa, wengine walimtupa na jiwe shingoni. Mimi sikuzaliwa kushindwa na kitu chenye mkia. Kwanza nilitumia fimbo. Kila akiinuka, namcharaza. Akazidi. Ikawa nikigusa rungu tu anadhani ni zamu yake, ananirukia mkono. Makovu unayajua, lile la kwenye kiganja ni jipya. Tulipigana hivyo wiki nzima, yeye na meno, mimi na kasia, na kila jioni tulirudi wote wawili tunachechemea kama tumetoka vitani, hatusemeshani.

Kisha nikafikiri, jambo ambalo huwa nalifanya vizuri nikiwa na maumivu. Nikaona kosa si la mbwa. Kwake yeye rungu halina ila pigo. Ilibidi rungu lilelile limletee chakula.

Nikaiweka boti ya zamani uani, juu ya magogo. Nikajaza gunia mchanga mbichi, nikamlaza mbwa chini ya ubao wa mbele, nikaanza kulipiga gunia. Akiinuka, hapati kitu, tunaanza upya. Akilala, kidevu chini, mpaka nimemaliza kupiga, nagonga rungu juu ya ubao mara mbili, ko, ko, ndipo anaruhusiwa kuinuka na kuja kuchukua chakula chake kutoka mkono wenye rungu. Nilipiga gunia lile mpaka likapasuka. Mama wa Barafu jirani yetu alisimama ukutani kutucheka.

"Mzee, hilo gunia limekukosea nini?"

"Lilikuwa linauliza maswali kama wewe."

Baadaye nikahamia kwa kambare wazima ndani ya beseni. Nikawapiga karibu na pua yake, damu inamrukia usoni, jicho linafumba na kufumbua, yeye hatikisiki. Mwisho nampa matamvua, yale mekundu ya kupumulia, anayachukua kwa midomo bila jino kugusa kidole. Na nikamwambia Babu Grisi naye ashike rungu, kwa sababu sikutaka mbwa wa bwana mmoja. Yeyote mwenye rungu, mbwa alale. Yeyote atakayegonga mara mbili, mbwa amwendee. Hilo nililifundisha kwa makusudi na nilijivuna nalo. Watu walikuwa wanakuja uani kutazama. Nikambadilisha jina, nisamehe, nikamwita Mkwe, kwa sababu alikaa ndani ya boti kama kijana aliyekuja kuposa, macho chini, hagusi kitu mpaka aambiwe karibu. Hakuna mtu soko zima aliyewahi kumlaza mbwa botini namna ile, wala hatatokea.

Sasa siku yenyewe. Kulikuwa kumekucha, ukungu umekaa juu ya maji. Tulikuwa tumevuta nusu ya mshipi mrefu wa kuvulia, ndoano zake zimepangwa kwenye beseni nyuma, na lile jiwe la kuuzamishia mshipi nimeliegesha ukingoni. Ikaja boti ya kijani na watu watatu. Mmoja mwenye kofia ya sufu akauliza kama tuna kiberiti. Nikainama kutafuta kiberiti. Ndivyo wanavyofanya siku hizi, wanakuomba moto kwa adabu.

Walikuwa wanataka injini. Babu Grisi aliinua spana, wakampiga ubapa wa panga kichwani, akaanguka juu ya injini yake kama anaikumbatia. Mimi nilimpiga kasia yule wa pili akiwa bado ana mguu mmoja kwao, pua ikalala shavuni, akarudi alikotoka chali. Hilo liandikwe. Kisha mwenye kofia akaokota rungu langu.

Pigo la kwanza lilikuwa la mdomo. Nikayasikia meno yangu yakiingia ndani kama punje. La pili mkono, nilipoinua kujikinga, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Mengine mbavuni, nikiwa nimelala kwenye maji machafu ya boti pamoja na kambare wetu wa asubuhi hiyo. Alipiga kama mtu mwenye hasira za siku nyingi, na mimi hata simjui. Jicho moja lilikuwa limefumba. Kwa lile lingine nikamtazama Mkwe.

Alikuwa amelala. Chini ya ubao wake, kidevu chini, masikio nyuma, anatetemeka mwili mzima, amelala. Kila rungu liliposhuka alizidi kujibana kwenye mbao. Damu yangu ilimrukia usoni, akafumba jicho, akafumbua. Nilitaka kumwita lakini mdomo ulikuwa na damu na vipande, jina halikutoka. Mjukuu wangu, nimepigwa na wengi katika maisha haya na sikumlilia hata mmoja. Siku ile nililia, na si kwa sababu ya rungu. Nilikuwa namtazama mbwa anayefanya sawasawa kile nilichomfundisha.

Yule mtu akachoka. Akawaambia wenzake wafungue injini. Rungu lilikuwa linamteleza mkononi kwa damu, basi akalikung'uta juu ya ubao, kama fundi rangi anavyokung'uta brashi yake. Ko, ko.

Mkwe akainuka.

Akanipita juu ya miguu, mkia unapepea, akamwendea mwenye rungu. Mtu yule hakujua kama kuna mbwa ndani ya boti. Aliona tu kichwa kikubwa chenye damu kinatoka chini ya ubao na kuja kwake moja kwa moja. Akatamka neno moja ambalo sitaliandika, akarudi nyuma, akakanyaga beseni la ndoano. Moja ikamshika msuli wa mguu. Akainama kuichomoa, nyingine ikampata kiganja. Akapiga mguu na mkono kwa pamoja, na ndoano nazo zikazidi kumkaribisha, za mkono, za bega, za shingo, akaanguka nje kinyumenyume, na mshipi ukaliburuta jiwe likamfuata.

Alitokeza mara moja. Uzi ulikuwa umemzunguka shingo na nyama imechanika chini ya sikio. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mbwa, aliyesimama ameweka miguu ya mbele ukingoni, anasubiri chakula chake. Kisha akavutwa chini.

Wenzake walikimbia bila injini na bila yeye. Hawakugeuka hata mara moja. Babu Grisi aliamka na kichwa kimepasuka, akatuleta mpaka gatini huku anajifuta damu machoni kwa mkono mmoja. Kesho yake wavuvi walivuta mshipi wangu, wakampata mtu juu yake kama samaki, wakamtoa ndoano moja baada ya nyingine. Shingo na mikono vilikuwa vimeraruka vibaya.

Sasa nifike mahali ambapo shangazi yako hapajui. Pale wodini wauguzi walikuwa wasichana wa rika lako, na mmoja akaniuliza, babu, ilikuwaje? Nikasema mbwa wangu alimrukia koo akamrarua. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimepigwa mbele ya mbwa wangu mwenyewe naye akanitazama, na hilo si jambo la kumwambia msichana anayekubadilishia shuka. Nikaongeza na ishara za mikono, kwa mkono uliobaki. Wodi nzima ikageuka kusikiliza. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika sokoni na imeongezewa meno.

Ikamfikia kaka wa marehemu. Huyu ni mwashi, mtu mpana, hana maneno mengi. Yeye ndiye aliyemuosha mdogo wake na aliyaona yale majeraha ya shingoni. Kwake ikawa imekamilika. Alikuja nyumbani na nyundo ya kuvunjia mawe. Alivunja mlango wa buluu, akavunja kiti changu, akavunja kitanda, akavunja sufuria, ambalo ni gumu kulivunja ukitaka kujua hasira yake. Babu Grisi alisimama mlangoni kumzuia akapigwa ngumi palepale kwenye nyuzi, kichwa kikafumuka upya. Mbwa hakupatikana kwa sababu Mama wa Barafu alikuwa amemfungia stoo ya barafu, akakaa juu ya kofuli na kisu cha samaki mapajani. Alimwambia mwashi, "Pita juu yangu, lakini ujue mimi ni mzito na ninakata." Mwashi akaenda kukaa barabarani mbele ya nyumba, na kila mtu akajua atarudi.

Kamati ya wavuvi ikakutana. Mwenyekiti, unamjua, yule anayesafisha koo kabla ya kusema habari ya asubuhi, alisema mbwa aliyerarua mtu atarudia, na nisipomtoa yeye, mwashi atamtoa yeye pamoja na mimi. Wakamwita daktari wa mifugo. Daktari akakupigia. Wewe ukasema sawa.

Nilitolewa hospitali nikakuta kila kitu kimepangwa bila mimi, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nikatae. Nilikwenda mkutanoni na plasta yangu. Nikawaambia mbwa hakumgusa yule mtu. Nikawaeleza rungu, gunia, na kule kugonga ubao. Nikawaambia alikuja kuomba matamvua.

Wakacheka. Mwenyekiti akasafisha koo. "Mzee, wiki iliyopita ulisema alimrarua koo."

"Wiki iliyopita nilikuwa nadanganya."

"Na leo?"

"Leo ninataka boti na kambare mmoja."

Mwashi alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alisema maneno machache, sauti ya chini. "Twende. Lakini rungu nitashika mimi."

Watu wakaanza kunivuta shati. Babu Grisi alinong'ona kwamba nikiingia boti moja na mtu huyu mwenye rungu, safari hii atakuja kunivuta na mimi kwa mshipi. Nikamwambia avute taratibu, mbavu zinauma.

Tulikwenda watano, ukimhesabu mbwa. Babu Grisi kwenye injini, daktari wa mifugo katikati amekumbatia mkoba wake wenye sindano, mimi, Mkwe chini ya ubao wake, na mwashi na rungu langu. Tulivuta mshipi uliotegwa tangu jana. Akaja kambare mkubwa, mwenye kichwa kama jembe, akaanza kuivunja boti.

Mwashi alimpiga. Kambare alikufa kwa pigo la kwanza, mkono wa mwashi ni mzito kuliko wangu, nakubali. Lakini hakuacha. Aliendelea kupiga mpaka kichwa kikawa uji, damu ikatufikia sote, daktari akajifunika uso kwa mkoba. Mkwe alikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Kidevu chini. Mwashi akamtazama akihema, akanigeukia mimi.

"Na nikikupiga wewe atalala hivyohivyo?"

"Atalala. Alilala mdogo wako aliponipiga."

Akanipiga. Kwenye plasta, kwa rungu. Plasta ikapasuka na niliona nyota mchana. Daktari alipiga kelele, Babu Grisi akaacha injini akashika spana, nikamwambia akae chini. Mkwe alitetemeka kama injini baridi. Hakuinuka.

Nilipopata pumzi nikamwambia mwashi, "Sasa gonga ubao. Mara mbili. Uone mdogo wako alivyokufa."

Hakutaka. Unaweza kuamini? Mtu aliyevunja nyumba yangu yote alisimama na lile rungu anaogopa kuligonga kwenye ubao. Alilitazama muda mrefu. Kisha akagonga.

Mkwe akatoka, uso wote damu ya kambare, akamwendea. Mwashi akarudi nyuma, na nyuma yake palikuwa na beseni lilelile. Nikamwambia, "Simama hapo. Usirudi. Nyuma yako kuna ndoano." Akasimama. Aliufumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Mbwa wako akafika mbele yake, akaketi, akaweka kichwa upande, mkia unapangusa damu sakafuni.

"Anataka nini?"

"Chakula chake. Yako kwenye kichwa hapo, yale mekundu. Yang'oe umpe."

Akayang'oa. Mkwe akayachukua kwa midomo, polepole, kama mkwe anayepokea kikombe, akarudi chini ya ubao kula.

Mwashi akakaa. Alikaa palepale kwenye damu, na rungu mapajani. Boti ikawa inayumba tu.

"Hakumgusa," akasema.

"Hakumgusa."

"Tangu mtoto alikuwa anaogopa mbwa. Tulikuwa tukipita nyumba yenye mbwa, namweka mgongoni. Alikuwa mzito, lakini namweka." Akajifuta uso kwa mkono wenye damu, uso ukawa mbaya zaidi. "Nilifikiri nimuue huyu ndipo nilale."

Nilimwomba tu anisaidie kuushika mkono wangu usicheze kwenye plasta iliyopasuka, akanisaidia mpaka gatini, akiushika kwa mikono miwili kama tofali asilotaka lidondoke. Daktari hakufungua mkoba. Atakupigia yeye mwenyewe kukwambia, lakini mimi nimetaka habari uzisikie kwangu kwanza. Mbwa wako yuko hai. Hivi ninavyoandika amelalia miguu yangu na ananuka.

Nimekuasi, mjukuu wangu, ulisema sawa na mimi nikasema hapana. Ukirudi tutagombana uso kwa uso. Na kitu kimoja nimekibadilisha. Sasa namfundisha Mkwe kuinuka akisikia sauti yangu hata rungu likiwa hewani, na akiwa kwenye boti anapokea chakula kwa mkono wangu na wa Babu Grisi peke yake. Ni kazi ngumu kuliko ya kwanza, maana yale ya kwanza nilimfundisha vizuri mno. Jana aliinuka. Ameniuma kidogo, lakini aliinuka.

Mlango nimeupaka rangi ileile. Mwashi aliutengenezea bawaba bila kuombwa, alikuja nikiwa nimelala akaondoka bila salamu.

Shangazi yako anakusalimu na anasema ule. Babu Grisi anakusalimu, kichwa kimefunga, sasa ana mstari katikati kama tikiti. Mama wa Barafu anakusalimu sana na anasema ukipata bwana huko umlete kwanza akaguliwe. Nisalimie wenzako wote wa mashine za kushonea, hasa yule anayekuchekesha, hata kama simjui.

Mungu akufunike penye upepo, akuongoze penye giza, akurudishe kwetu ukiwa na shingo yenye nyama.

Ni mimi ninayekupenda tangu hujaota jino mpaka sasa nisipokuwa na langu,

Babu yako.

Kama husadiki niliyoandika, uliza. Muulize daktari wa mifugo, alikuwa amejifunika uso lakini masikio yalikuwa wazi. Muulize Babu Grisi, atakupunguzia sifa zangu ila mengine atayasema yalivyo. Muulize Mama wa Barafu habari za mlango. Na ukitaka shahidi aliye bora kuliko wote, shangazi yako anaweza kukupa namba ya yule mwashi. Mimi hanipendi wala hatanipenda, na sitamwomba anipende. Lakini muulize habari za mbwa, atakwambia.